Barua ya chuo ina "work-study" ya dola 2,800. Tukubali au tuiache?

Baba Neema, Louisville

Wapendwa, hamjambo huko mliko. Mimi ni Mbembe wa Fizi, Kongo, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kuanzia 1996 hadi 2015, na sasa niko Louisville, Kentucky. Nafanya kazi ya usiku ghalani, mke wangu anafua mashuka ya hoteli. Nimekuja kuuliza hapa kwa sababu kule kanisani kila niliyemuuliza ana jibu lake, na majibu yenyewe yanapigana.

Binti yetu wa pili, Neema, amepata chuo cha serikali hapahapa jimboni. Atalala nyumbani na kupanda basi. Wiki iliyopita ikaja barua ya msaada wa fedha. Nikaitandaza mezani, nikachukua kalamu nyekundu na kalkuleta ya simu, nikaisoma mpaka ugali ukapoa. Iko hivi. Minervali (nyie Watanzania mnaita ada, Wakenya karo) ni dola 12,940 kwa mwaka. Chini yake kuna Pell, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa, 7,395. Kuna KEES, ile ya alama za sekondari, 1,125. Chuo chenyewe kimempa 1,500. Halafu mikopo miwili, mmoja 3,500 na mwingine 2,000. Mwisho kabisa wameandika "Federal Work-Study" 2,800.

Mikopo nimeipiga mstari. Sisi tulitua nchi hii na deni la tiketi za ndege za watu saba, tukawa tunatuma dola 125 kila mwezi hadi 2022. Mimi na neno mkopo tulishaachana.

Nikajumlisha vilivyobaki: Pell, KEES, ya chuo na hiyo work-study, jumla 12,820. Upungufu dola 120! Nikamwita mke wangu jikoni nikamwambia, hiyo ni zamu moja tu ya usiku, tumeshinda. Tukacheka vizuri.

Jumapili ndipo maneno yalipoanza. Mmoja akaniambia hiyo 2,800 si pesa, ni kazi, na haikatwi kwenye bili. Mwingine akasema binti akishakubali amejifunga miaka minne. Wa tatu anaapa kwamba ukiikataa wanakuongezea Pell.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi ya hesabu. Kaka yake alianza chuo 2021, akaingia ghala la usiku, akasema ni kwa muda. Akanunua gari. Gari likadai bima, bima ikadai ovataimu. Hakuna siku aliyosema "baba, nimeacha chuo". Nilijua mwenyewe nilipofungua buti la gari kutafuta jeki, nikakuta mkoba wake wa vitabu umelaliwa na tairi la akiba. Niliufunga tena buti nikaingia ndani, sikusema kitu. Hadi leo hatujaliongea vizuri.

Basi nauliza: hii kazi ya chuo ni ileile yenye jina zuri, au ni kitu kingine? Binti anasema, "Baba, hii ni kazi ya maktaba." Lazima tujibu kabla ya Mei 1.

Mkazi wa Buffalo

Kataa mzee. Atasoma saa ngapi? Wamarekani hawatoi kitu bure. Chukueni mkopo, atalipa akishapata kazi ya maana.

Dada wa Dayton

Shikamoo Baba Neema. Ndugu wa Buffalo, nakuheshimu lakini hapo umempoteza mzee.

Nimefanya work-study miaka minne yote ya chuo, kwa hiyo nitasema nilichokiishi. Yule wa kwanza kanisani alisema kweli. Hiyo 2,800 haimo kwenye bili. Ni ruhusa ya kuchuma hadi kiasi hicho kwa mwaka, kwa saa, kama kibarua chochote. Binti anatafuta kazi mwenyewe kwenye orodha ya chuo, anaomba, anahojiwa, na akipata analipwa mshahara unaoingia benki kwake. Sheria inataka walipwe angalau mara moja kwa mwezi. Asipopata kazi, au akipata na hafiki kazini, hiyo 2,800 inabaki maandishi. Kwa hiyo mzee wangu, upungufu wako si 120. Bili ya Agosti itakuja na pengo la 2,920 kwa mwaka, yaani 1,460 kila muhula. Nasikitika kukuharibia kicheko, lakini afadhali ukijue leo kuliko Agosti.

Wale wawili wengine ndio waliokudanganya. Kukubali si kujifunga. Binti anaweza kukubali leo, Septemba akaona masomo ni mazito, akaacha, wala hadaiwi hata senti. Na kukataa hakuongezi Pell. Pell inapimwa kwa FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, na hiyo 7,395 aliyopewa ndiyo kilele, hakuna wa kupewa zaidi. Ukikataa work-study, kinachoweza kukaa mahali pake mara nyingi ni mkopo mwingine. Sasa wewe na mkopo si mmeachana?

Kuhusu saa. Tuseme analipwa dola 10. 2,800 ni masaa 280. Mihula miwili ina kama wiki 30. Gawanya: masaa tisa na kidogo kwa wiki. Kijana wako wa kwanza alikuwa anafanya mangapi ghalani? Thelathini? Arobaini? Na hapo ndipo tofauti ilipo hasa. Mwajiri wa chuo anajua kwamba huyu ni mwanafunzi. Ratiba inapangwa kuzunguka vipindi vyake, na 2,800 ikiisha, hakuna wa kumwita Jumamosi alfajiri kumwambia njoo, tuna mzigo.

Lakini sitaki uone kwamba zote ni kazi za kukaa kwenye kiti. Muhula wangu wa kwanza nilichelewa kuomba, zilizobaki zilikuwa za jikoni. Nilikuwa chumba cha vyombo. Trei zinakuja kwenye mkanda, unakwangua, unapanga, mvuke unakupiga usoni, miwani haioni. Naingia darasani ninanuka sabuni na ranchi, ile sosi nyeupe wanayomwagia kila kitu. Muhula wa pili nikahamia dawati la maktaba, zamu ya Jumapili jioni. Mtu anakuja kurudisha kitabu, unakipitisha, mashine inalia "ti", unarudi kwenye kemia yako. Hiyo ndiyo kazi ambayo kila mtu anaitaka, kwa hiyo mwambie aombe mapema, asingoje Agosti.

Na kuna moja ambayo ningekuwa mimi ningeikimbilia. Serikali inavitaka vyuo vitumie angalau asilimia 7 ya fungu lao la work-study kwa kazi za kuhudumia jamii, ikiwemo kuwafundisha watoto kusoma. Kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi asilimia 75 ya mshahara na anayekuajiri anajazia, ila kwa walimu wa kusoma inaweza kulipa hata mia kwa mia, ndiyo maana vyuo vinazipenda. Louisville imejaa watoto wetu waliofika wakiwa na miaka minane, tisa, hawajui A wala B ya Kiingereza. Binti yako anajua Kiswahili na alikuwa mmoja wao. Hiyo aiandike kwenye ombi, juu kabisa, asiifiche kama tunavyofichaga.

Juma, Minnesota

Naongeza kidogo kwa wengine wanaosoma hapa. Mimi niko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, kutoka Mwanza. Work-study ya serikali hatupewi, hata FAFSA si yetu. Ila F-1 anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo, isizidi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wengi wanachanganya haya mawili, wanaenda ofisini wanaambiwa hapana wanadhani wameonewa. Mzee, nyinyi mliokuja kama wakimbizi mnaruhusiwa, hata kabla ya uraia.

Baba Neema, Louisville

Marahaba dada wa Dayton, Mungu akulinde. Juma, asante, sisi tulishakuwa raia 2021.

Pengo la 2,920 nimelimeza, limenikwama kidogo kooni lakini nimelimeza. Nina maswali mawili. La kwanza, kodi: watakata nini kwenye huo mshahara wa masaa tisa? La pili naona haya kuliuliza lakini nauliza. Tuko watu saba, tunapata fudi stempu kidogo, ule msaada wa chakula. Mtoto akianza kuchuma, si watatukata?

Mwanangu amenisomea mahali kwamba huu mpango ulianzishwa na sheria ya 1964, wakati wa Rais Johnson. Nikamwambia 1964 sisi Fizi tulikuwa kwenye vita vya uasi wa Mulele, baba yangu analala msituni, na huku watu wanakaa mezani wanapanga mtoto wa maskini atasomaje. Amecheka, hajui Mulele ni nani. Kosa ni langu.

Dada wa Dayton

Usione haya, hilo la chakula ndilo linalowakamata wengi, tena kwa upande ambao hawautegemei. Mwanafunzi wa miaka 18 hadi 49 anayesoma nusu ya mzigo wa masomo au zaidi, kwa kawaida anatolewa kwenye fudi stempu hata kama hana kazi yoyote. Ni kanuni. Lakini ina milango ya kutokea, na mmoja wao ni work-study: kama amepewa na anatarajia kuifanya muhula huo, anaweza kubaki kwenye hesabu ya nyumba. Mlango mwingine ni kufanya kazi ya kawaida masaa 20 kwa wiki. Umeona? Masaa tisa ya maktaba yanamfungulia mlango ambao ghalani angeufungua kwa masaa 20. Nenda na ile barua ya msaada kwa karani wenu wa stempu, mwonyeshe huo mstari wa mwisho, na umwambie wazi kwamba ni work-study ya serikali kuu, asiiandike kama mshahara wa kawaida.

Kodi: akiajiriwa na chuo chake mwenyewe huku anasoma, kwa kawaida hawamkati Social Security wala Medicare, ile asilimia 7.65 wanayokukata wewe kila cheki. Kwa 2,800 hiyo ni kama dola 214 zinazobaki mfukoni. Kodi ya mapato ya serikali kuu iko palepale, atajaza fomu ya W-4 kama mtu mzima, ila kwa kipato hicho atarudishiwa chochote walichoshika. Akipelekwa kufanyia nje, kwa shirika lisilo chuo, aulize, huko wanaweza kukata. Na mwakani mkijaza FAFSA, pesa ya work-study inatolewa kwenye kipimo cha uwezo. Ya ghalani haitolewi namna hiyo.

Sasa kuhusu pengo. Uliza kama chuo kina mpango wa kulipa kwa mafungu, vingi vinao. 1,460 ukiigawa mara nne ni 365 kwa mwezi. Na masaa tisa na kidogo kwa wiki, kwa dola 10, ni kama 370 kwa mwezi. Zinafanana mno kiasi kwamba mimi nilidhani mtu alizipanga. Tatizo ni kuchelewa: cheki yake ya kwanza itakuja mwishoni mwa Septemba, na fungu la kwanza wanalitaka Agosti. Kwa hiyo wewe mzee unabeba Agosti na Septemba, yeye anabeba Oktoba na Novemba, Desemba mnakaa mezani mnahesabiana.

Na huo mkopo wa 3,500, angalia neno lililo mbele yake. Kama ni "subsidized", riba haianzi kuhesabiwa akiwa bado chuoni. Sisemi uchukue. Nasema hamlazimiki kuchukua wote. Mnaweza kuandika 700 mkaishia hapo, basi likiharibika au vitabu vikizidi.

Mama Zawadi, Louisville

Baba Neema, mimi ni jirani yako tu, sitasema mtaa gani. Mbona kwenye orodha yako sioni CAP? Ni msaada wa jimbo la Kentucky kwa wenye kipato kidogo, haurudishwi, unatokana na FAFSA hiyohiyo. Mtoto aliyepewa Pell kamili halafu hana CAP, hapo mimi ningepiga simu kesho asubuhi. Pengine kuna karatasi haijafika. Usiulize kwa barua pepe, piga.

Halafu kuna Metropolitan College, ipo hapa tangu 1998: unafanya zamu ya usiku ya vifurushi vya ndege pale uwanjani, karo inalipiwa. Mpwa wangu amepita humo na amehitimu. Lakini huyo tangu mtoto alikuwa halali usingizi. Wa kwangu akikosa usingizi siku moja anagombana na mlango. Kila mtu na mwanawe anamjua.

Mkazi wa Buffalo

Sawa, nimejifunza. Lakini mkopo wa serikali si simba mla watu, nasimama hapo.

Baba Neema, Louisville

Nimerudi. Zimepita kama wiki tatu.

Tulipiga simu ofisi ya msaada, simu ikiwa mezani, sauti imefunguliwa, Neema anaongea na mimi namnong'oneza maswali mpaka akaniwekea kidole mdomoni. Karani alikuwa mtu mwema. Work-study tumeikubali. Mafungu yapo, manne kwa muhula, kama ulivyosema dada. Mama Zawadi, kuhusu CAP ulikuwa na macho: kuna hati ya kuthibitisha ukaazi ilikuwa haijaingia, tumeituma siku ileile, tunangoja. Ikija, pengo linaweza kwisha lote na mshahara wake ukawa wa basi na vitabu. Isipokuja, Agosti na Septemba nabeba mimi, nimeshaweka 400 kwenye ile bahasha ya nyuma ya picha. Mkopo bado nimeupiga mstari, ila sasa mstari ni wa penseli. Buffalo, usifurahi sana.

Maktaba ilikuwa imejaa. Ameomba ile ya kusomesha watoto. Aliandika kwamba alifika darasa la pili hajui Kiingereza na mwalimu akamkalisha karibu na dirisha kwa miezi miwili bila kumuuliza kitu, akawa anahesabu magari ya njano. Hilo sikuwahi kulijua. Miaka kumi tunakula sahani moja na sikuwahi kulijua. Wamemwita kwenye mahojiano.

Kaka yake alikuwepo siku anaandika. Alisimama mlangoni akiwa na funguo mkononi, akauliza chuo chenyewe kinapokea watu waliowahi kuacha, au ndiyo basi. Neema akasema atamwulizia. Mimi nikaendelea kumenya muhogo.

Jana mke wangu aliushusha ule mfuko wa IOM, shirika lililotusafirisha, kutoka juu ya kabati, maana akipata kazi watataka kuona hati halisi, si nakala. Pasipoti ilikuwa chini kabisa, imeshikana na kadi za chanjo za Nyarugusu. Mahojiano ni Jumanne saa nane mchana. Anataka nimpeleke, ila gari niegeshe mbali, asionekane ameletwa na baba.